Azimio liwe na mwenyewe: namna ya kurekebisha mawasiliano na utendaji wa kila siku ofisini

Ofisi nyingi zinazolalamikia mawasiliano mabovu hazina upungufu wa mazungumzo. Asubuhi watu hupeana taarifa kwenye korido, mchana huketi vikaoni, na jioni kundi la WhatsApp hujaa ujumbe. Hata hivyo barua ya mfadhili hukaa wiki tatu bila jibu kwa sababu kila mmoja aliamini kwamba mwenzake ameshaijibu. Kinachokosekana ni utaratibu unaohakikisha kwamba kila jambo lililoamuliwa lina mtu mmoja anayelibeba, lina tarehe ya kukamilika, na limeandikwa mahali ambapo hata mtu asiyekuwapo siku ile anaweza kulikuta. Mwongozo huu unahusu namna ya kujenga utaratibu huo katika taasisi ya ukubwa wa kawaida nchini Tanzania, iwe ni asasi ya kiraia, SACCOS (chama cha ushirika cha akiba na mikopo), idara ya halmashauri, shule au kampuni. Sehemu kubwa ya yaliyomo haihitaji fedha wala programu mpya ya kompyuta. Inahitaji mkuu wa ofisi aliye tayari kufuata kanuni yeye mwenyewe kabla ya kuwadai walio chini yake.

Fuatilia kwanza jambo moja lililokwama

Kabla ya kuandika waraka wowote kwa watumishi, chagua jambo moja la kawaida lililochelewa hivi karibuni, kwa mfano malipo ya mzabuni aliyeleta shajala, yaani vifaa vya kuandikia, au kibali cha safari kilichotoka baada ya siku ya safari, kisha ulifuatilie tangu lilipoanza. Zungumza na kila aliyelishika, mmoja mmoja na kwa faragha, ukimwuliza alilipata lini na kwa njia gani, alielewa kwamba anatakiwa kufanya nini, na alipomaliza sehemu yake alimkabidhi nani. Usiulize nani alikosea. Mara tu watumishi watakapohisi kwamba unatafuta wa kumwadhibu, majibu yatakuwa ya kujikinga na hutajifunza lolote.

Ukilichora jambo hilo kwenye karatasi moja, hatua baada ya hatua pamoja na tarehe zake, kwa kawaida utaona kwamba muda wa kazi yenyewe ulikuwa mfupi mno ukilinganisha na muda ambao jambo lilikaa likisubiri. Utaona pia lilisubiri wapi: kwenye jalada lililoandikwa "tuzungumze" na kuachwa mezani, kwenye simu ya mhasibu aliyekuwa likizo, au ndani ya muhtasari wa kikao ulioagiza "menejimenti ilishughulikie" bila kumtaja mtu. Sehemu hizo za kusubiri ndizo utakazozitibu. Taasisi inayoanza na marekebisho ya kila kitu kwa wakati mmoja huchoka kabla ya mwezi kwisha, ilhali ile inayoondoa kizuizi kimoja ambacho watumishi wote wanakijua hupata imani yao ya kuendelea na kingine.

Kila aina ya habari ipewe njia yake

Hatua ya pili ni kukubaliana, kwa maandishi yasiyozidi ukurasa mmoja, habari ipi inapita wapi. Jambo la dharura, lisiloweza kungoja saa moja, lipigiwe simu. Jambo lenye utata au lenye kugusa hisia za mtu, kama vile malalamiko juu ya utendaji wake, lizungumzwe ana kwa ana. Jambo lolote linalohitaji uamuzi, fedha au saini liwe kwenye maandishi rasmi, yaani barua, barua pepe ya ofisi au dokezo ndani ya jalada. Tangazo la kawaida, kama kukatika kwa maji au mabadiliko ya zamu, linatosha kwenye kundi la simu au ubao wa matangazo.

Wengi watasema kwamba hayo yanajulikana. Yanajulikana, lakini hayajaandikwa, na kwa hiyo mtumishi mgeni hujifunza kwa kukosea. Zaidi ya hapo, wakubwa ndio wa kwanza kuyavunja, kwa kuidhinisha matumizi kwa ujumbe wa sauti usiku na kuacha mhasibu akihangaika namna ya kuuambatisha kwenye hati ya malipo. Iwapo mkuu ameruhusu jambo kwa mdomo kwa sababu ya haraka, aliyeruhusiwa aandike siku hiyohiyo ujumbe mfupi kwenye barua pepe ya ofisi: "Kwa mujibu wa mazungumzo yetu ya leo mchana, umeridhia gari likodiwe kwa siku mbili. Naomba uthibitishe." Mstari huo mmoja unamlinda aliyeagiza na aliyeagizwa.

Kwa taasisi zinazotumia masjala na majalada, yako mambo mawili ya kurekebisha mapema. La kwanza ni lile neno "tuzungumze". Si kosa mkuu kutaka mazungumzo kabla ya kuamua, lakini baada ya mazungumzo hayo mtu mmoja, na kwa kawaida ni yule aliyeleta dokezo, arudi kwenye jalada aandike kilichokubaliwa, tarehe yake na hatua inayofuata. Pasipo hivyo, atakayelisoma jalada miezi sita baadaye atakuta swali bila jibu. La pili ni kupeleka jalada kwa cheo bila agizo. Maneno "kwa hatua zako" humwachia anayepokea kazi ya kukisia. Ni heri kuandika "andaa rasimu ya jibu niione kabla ya Alhamisi" au "lipa kama ilivyopendekezwa". Utunzaji wa maandishi hayo si hiari kwa ofisi za serikali, kwa kuwa Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 inazitaka taasisi za umma zitunze kumbukumbu zao. Lakini hata kikundi cha kuweka na kukopa kinajua kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Kundi la WhatsApp la ofisi

Hakuna chombo kilichoharakisha kazi za ofisi zetu kama hiki, na hakuna kilichopoteza maamuzi mengi kama hiki. Ushauri wangu si kulifunga kundi. Litumike kwa matangazo na kwa mambo ya siku hiyo, na ikubalike wazi kwamba maamuzi hayafanyiki humo. Mjadala ukifikia makubaliano ndani ya kundi, mmoja ayahamishe makubaliano hayo kwenye barua pepe au kwenye orodha ya maazimio, na mpaka yatakapohamishwa yahesabike kuwa maoni tu. Vilevile, agizo lolote kwenye kundi litaje jina la anayeagizwa, kwa sababu maneno "naomba mmoja wenu awasiliane na mwenye ukumbi" husomwa na watu ishirini na kutekelezwa na sifuri.

Liko pia suala la sheria ambalo viongozi wengi hawajalizingatia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaiwajibisha taasisi kwa taarifa za watu inazozikusanya na kuzihifadhi. Picha ya kitambulisho cha mwanachama, orodha ya wanufaika yenye namba zao za simu, au cheti cha daktari cha mtumishi mgonjwa havipaswi kurushwa kwenye kundi ambalo wajumbe wake hubadilika na simu zao hushikwa na watoto nyumbani. Mtumishi anapoacha kazi, msimamizi wa kundi amwondoe siku ileile anapokabidhi ofisi.

Kuhusu saa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa za kawaida za kazi kuwa 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Ujumbe wa kazi unaotumwa saa 4 usiku na kutarajiwa kujibiwa papo hapo unamrudisha mtu kazini bila kusema hivyo. Mkuu anayepata wazo usiku anaweza kuliandika, lakini alitume asubuhi. Na ikiwa ni dharura ya kweli, apige simu, kwa kuwa ndivyo ilivyokubaliwa kwenye ule ukurasa mmoja.

Ujumbe unaojibika

Ujumbe mwingi wa kazi haujibiwi kwa sababu anayeupokea hajui ajibu nini. Tazama huu: "Habari za kazi? Naomba tuliangalie lile suala la gari la Mvomero." Mpokeaji hawezi kujua kama anaombwa gari, anaulizwa juu ya matengenezo, au anatakiwa kwenda kuzungumza. Ujumbe huohuo ungeandikwa hivi:

"Ndugu Afisa Usafirishaji, habari za kazi. Tunahitaji gari la mradi Jumatano, tarehe 14, kwenda Mvomero. Litaondoka saa 12:00 asubuhi na kurudi siku hiyohiyo jioni. Naomba unijulishe kabla ya Jumatatu saa 9:00 alasiri kama litapatikana, ili likikosekana niwaarifu viongozi wa vikundi mapema. Kibali cha safari nimekiambatisha."

Salamu imebaki, na inapaswa kubaki, kwa sababu kwetu kumwendea mtu na shida bila kumjulia hali ni kumdharau. Ila salamu na ombi viwe katika ujumbe mmoja. Kutuma "habari za leo" peke yake na kungoja kuitikiwa ndipo useme shida yako kunamkatiza mwenzako mara mbili, na huenda jibu likaja wewe ukiwa umeshaondoka mezani. Baada ya salamu, ombi lije mapema, likifuatiwa na tarehe ya mwisho na sababu ya tarehe hiyo. Sababu ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani, kwa maana mtu anayejua kwa nini unahitaji jibu Jumatatu ataweza kukupa njia nyingine endapo hawezi kulitoa siku hiyo.

Kichwa cha barua pepe nacho kiseme jambo lenyewe. "Taarifa" au "Haraka" si kichwa. "Naomba idhini: ununuzi wa viti 40 kwa ajili ya ukumbi" ni kichwa, na mwaka ujao kitatafutika. Wale wanaopewa nakala wawe na sababu ya kupewa. Ukimwandikia mtu mmoja na kuwapa nakala wakubwa wake watatu, umemshtaki kabla hajakosea.

Neno kuhusu saa, hasa kwa taasisi zenye washirika wa nje. Kalenda za simu na kompyuta huonyesha 09:00 pale ambapo sisi tunasema saa 3:00 asubuhi, na vikao vingi vya mtandaoni vimepoteza wajumbe kwa sababu hiyo. Katika mawasiliano ya ndani andika daima saa pamoja na kipindi cha siku, yaani asubuhi, mchana, alasiri au usiku. Katika mwaliko unaokwenda kwa watu wa nchi nyingine tumia mfumo wa saa 24 na utaje kwamba ni saa za Afrika Mashariki, ambazo ziko mbele ya saa za dunia za UTC kwa saa tatu. Usichanganye mifumo miwili ndani ya ujumbe mmoja.

Maelekezo ya mdomo yarudiwe

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha hakiki ya usalama wa upasuaji yenye vipengele 19. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane za mabara mbalimbali, mojawapo ikiwa ya Ifakara, mkoani Morogoro. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba vifo miongoni mwa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Ulikuwa ulinganisho wa kabla na baada, kwa hiyo si busara kuipa orodha peke yake sifa yote. Hata hivyo inafaa kutazama ilichowataka watu wafanye. Sehemu kubwa yake ni kusema kwa sauti mambo ambayo kila mmoja alidhani wenzake wanayajua: mgonjwa huyu ni nani, anapasuliwa nini na sehemu ipi ya mwili, na walio chumbani ni akina nani na kila mmoja ana kazi gani.

Ofisini hakuna kisu, lakini dhana ni ileile. Unapompa mtu maelekezo ya mdomo yenye hatua zaidi ya mbili, mwombe ayarudie kwa maneno yake. Namna ya kuomba ina uzito. Ukisema "hebu rudia nilichosema" utakuwa umemgeuza mwanafunzi, na mtu mzima atakereka. Sema badala yake: "Nimezungumza haraka, naomba unisaidie kuhakikisha sijaacha kitu, utaanza na lipi?" Anayepokea naye anaweza kuanzisha mwenyewe: "Sawa mama, kwa hiyo napeleka barua mbili wilayani leo, ya tatu nangoja saini ya Mkurugenzi." Kijana aliyeajiriwa karibuni huona vigumu kumwuliza mkubwa wake mara ya pili, akihofia kuonekana mzito wa kuelewa. Utaratibu wa kurudia ukiwa wa ofisi nzima, humwondolea hofu hiyo.

Kikao

Hapa ndipo saa nyingi za taasisi zinapotumika, na ndipo marekebisho madogo yanapoleta nafuu kubwa kuliko kwingine kote. Swali la kwanza ni kama kikao chenyewe kinahitajika. Ikiwa wakuu wa vitengo watakuja kusoma taarifa zao mmoja baada ya mwingine na wengine kusikiliza, taarifa hizo zisambazwe kwa maandishi na muda wa kikao utumike kwa maswali. Kikao kinastahili kuitwa pale panapohitajika uamuzi wa pamoja au ushauri wa watu wenye ujuzi tofauti.

Makabrasha yafike kwa wajumbe angalau siku tatu kabla, na kila ajenda ionyeshe kinachotakiwa: kupokea, kushauri au kuamua. Ajenda iliyoandikwa "Magari" inakaribisha mazungumzo ya kila aina; iliyoandikwa "Kuamua kama gari la zamani litengenezwe au liuzwe" huwafanya wajumbe waje wakiwa wamefikiri. Kikao kianze kwa saa iliyotajwa, hata kama akidi imetimia kwa shida, na mwenyekiti asirudie yaliyopita kwa ajili ya waliochelewa. Kuchelewa ofisini ni matokeo ya hesabu tu: watu hufika saa 4 kwa sababu wanajua kwamba kikao cha saa 3 huanza saa 4, na waliofika mapema ndio wanaoadhibiwa. Mwenyekiti akianza kwa wakati kwa miezi miwili mfululizo bila kuyumba, hesabu hiyo hubadilika.

Mpangilio wetu wa vikao, wa kuthibitisha ajenda, kupitisha muhtasari uliopita, kupitia yatokanayo (utekelezaji wa yaliyoazimiwa kikao kilichopita), kisha ajenda mpya na mengineyo, ni mzuri na hauna haja ya kubadilishwa. Ugonjwa wake uko kwenye yatokanayo, ambayo mara nyingi humeza nusu ya muda na kuishia na jibu moja linalorudiwa: "Utekelezaji unaendelea." Jibu hilo lisikubaliwe. Anayesema utekelezaji unaendelea aseme kilichokwisha kufanyika, kilichobaki, kinachokizuia na tarehe mpya anayoiahidi. Katibu aweke bangokitita la maazimio lenye safu tano, yaani namba, azimio, mhusika, tarehe ya mwisho na hali ilivyo, alisambaze kabla ya kikao, na wahusika wajaze hali wenyewe. Kikaoni yajadiliwe yale yaliyokwama tu. Azimio lililoahirishwa mara tatu lirudishwe mezani na kuulizwa kama bado tunalitaka. Kama halitakiwi tena, lifutwe kwa maandishi, badala ya kubebwa kutoka muhtasari mmoja hadi mwingine hadi likazoeleka.

Ubora wa bangokitita hilo unategemea azimio lilivyoandikwa tangu mwanzo. Linganisha haya mawili kutoka kwenye kikao cha SACCOS:

"Kikao kiliagiza suala la wadaiwa lifuatiliwe."

"Afisa Mikopo akutane na wanachama 12 waliochelewesha marejesho kwa zaidi ya siku 90, na awasilishe kwa Meneja makubaliano ya maandishi ya kila mmoja ifikapo tarehe 30 Septemba."

La pili linaweza kuulizwa. La kwanza linaweza kudaiwa kwamba limetekelezwa hata kama aliyefuatilia alipiga simu moja isiyopokelewa. Mhusika awe mtu mmoja. Wakiandikwa wawili, mmoja wao ateuliwe kuwa mwenye dhamana na mwingine awe msaidizi, kwani manahodha wengi chombo huenda mrama. Kamati nzima isiandikwe kamwe kuwa mhusika. Aandikwe katibu wake.

Dakika tano za mwisho kabla ya kufunga, katibu asome maazimio yote kwa sauti, na kila mhusika akiri kwamba ameyakubali na tarehe yake inawezekana. Hapo ndipo utakaposikia, "Naomba iwe tarehe 10, kwa sababu wiki ijayo nipo kwenye ukaguzi," maneno ambayo yangesemwa mwezi mmoja baadaye kama udhuru. Ukurasa wa maazimio usambazwe kesho yake. Muhtasari kamili unaweza kufuata baada ya wiki, lakini maazimio yasingoje uhariri wa sentensi za ufunguzi.

Jambo jingine ni nani anaanza kusema. Mkuu akitoa maoni yake mwanzoni, wajumbe wengi watatafuta namna ya kukubaliana naye, na hili halitokani na unafiki. Ni heshima waliyolelewa nayo. Anayetaka kusikia ukweli aanze kumwuliza mjumbe wa cheo cha chini kabisa au aliye karibu zaidi na wateja, kisha apande, naye azungumze mwisho. Na kwenye mengineyo zipokelewe taarifa tu. Uamuzi wa fedha uliopitishwa kwenye mengineyo, wajumbe wakiwa wameshafunga madaftari, utaleta mgogoro.

Habari mbaya ipande ngazi mapema

Taasisi huumia pale mtumishi anapojua kwamba marejesho ya masurufu, yaani fedha alizokabidhiwa kwa ajili ya kazi au safari, hayatakamilika, au kwamba taarifa ya robo mwaka itachelewa, akanyamaza mpaka siku yenyewe. Mkuu ana sehemu kubwa katika ukimya huo. Ikiwa aliyeleta habari mbaya wiki iliyopita alifokewa mbele ya wenzake, wiki hii hakuna atakayeleta. Kwa hiyo swali la kwanza la mkuu anapopewa habari mbaya liwe "Tunaweza kufanya nini sasa?", na swali la "Ilikuwaje?" lingoje mpaka moto uzimwe.

Mtumishi naye ajifunze namna ya kuileta. Lugha ya ofisi zetu ina neno linalofaa sana kwa kazi hii, angalizo, na linaweza kutumiwa na mdogo kwa mkubwa bila kuvunja adabu: "Mkurugenzi, naomba kutoa angalizo kabla hatujasaini. Mkataba huu unatutaka tulipe kabla ya kupokea bidhaa, na kanuni zetu za manunuzi haziruhusu. Napendekeza tuombe kipengele hicho kibadilishwe." Kuna heshima, kuna jambo lenyewe, kuna sababu yake na kuna pendekezo. Angalizo likitolewa faraghani kabla ya kikao lina nguvu zaidi kuliko likitolewa hadharani. Likipuuzwa na hatari ni kubwa, liandikwe kwenye dokezo.

Kabati, meza na kompyuta

Watumishi wa hospitali za umma wanaufahamu mfumo wa S tano wenye asili ya Japani, ulioanza kuingizwa nchini mwaka 2007 kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya na JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ikiwa ya mfano: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Hakuna sababu ubaki hospitalini. Tengeni nusu siku mpitie makabati na vilevile folda za kompyuta. Tenganisheni kinachotumika na kisichotumika, kila kitu kipewe mahali pake, na majina ya mafaili ya kompyuta yafuate mtindo mmoja, kwa mfano mwaka, mwezi, mada na toleo. Faili liitwalo "Ripoti ya mwisho mpya kabisa" halimsaidii mtu. Kabla ya kuteketeza karatasi yoyote, ofisi ya umma ifuate utaratibu wa kisheria wa kumbukumbu, na asasi iangalie mikataba ya wafadhili, kwa kuwa mingi hutaja miaka ya kutunza nyaraka za fedha.

Makabidhiano

Mtu anapokwenda likizo, kuhama au kustaafu, ndipo taasisi inapogundua ni kiasi gani cha kazi kilikuwa kichwani mwake. Hati ya makabidhiano isiwe orodha ya samani na funguo pekee. Iseme kazi zinazoendelea na kila moja imefikia wapi, tarehe zisizoweza kuahirishwa katika miezi mitatu ijayo, watu wa nje wanaotegemea jibu, ahadi zilizotolewa kwa mdomo, majalada yaliko, na mambo yenye utata ambayo anayeingia ataulizwa siku ya kwanza. Nywila za akaunti za taasisi zisiandikwe kwenye hati hiyo; zikabidhiwe kwa msimamizi wa mifumo na zibadilishwe.

Kwa likizo fupi inatosha nusu ukurasa, na jina la anayekaimu liandikwe kwenye jibu la moja kwa moja la barua pepe ili wanaoandika wasingoje bure. Kwa anayeondoka moja kwa moja, mpango mzuri ni huu: hati iwe tayari wiki moja kabla, na siku mbili za mwisho anayeingia akalie kiti na kufanya kazi kwa kutumia hati hiyo peke yake, wakati anayetoka bado yupo jengoni. Kila swali ambalo anayeingia atalazimika kwenda kumwuliza mwenzake liandikwe pembeni, na jibu lake liongezwe kwenye hati kabla ya wote wawili kusaini.